Kosa lilianzia kwa mchoraji wa kifaa

Mapema mwaka 2015, hospitali ya Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, Marekani, iliwaarifu wagonjwa 179 kwamba huenda wameambukizwa bakteria sugu. Saba walikuwa wameambukizwa, na vifo viwili vikahusishwa na mkasa huo. Chanzo kilikuwa duodenoskopu, mpira wenye kamera unaopitishwa kinywani hadi mwanzo wa utumbo mwembamba.

Wepesi wa kulaumu walimtazama muuguzi. Hata hivyo, hospitali ilisema mipira hiyo ilisafishwa kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Tatizo lilikuwa umbo lake. Nchani kuna kipande kidogo kinachoinuka ili kuelekeza vyombo kwenye mirija ya nyongo; kinamrahisishia daktari kazi, lakini nyuma yake brashi haifiki vizuri. Katika toleo jipya la kampuni ya Olympus, njia ya waya wa kipande hicho ilizibwa ili uchafu usiingie. Ukaingia. Mwaka 2016 kampuni ikalazimika kuibadili.

Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizishauri hospitali zihamie kwenye mipira yenye ncha ya kutupwa, na ikaidhinisha ule unaotupwa mzima. Kwa matajiri, sawa. Afrika Mashariki, ambako saratani ya umio kwa kawaida huthibitishwa kwa kumeza mpira wenye kamera, mmoja aghalabu huhudumia foleni nzima. Kwa hiyo kamati za zabuni, kabla ya kuonyeshwa uzuri wa picha, zimwulize muuzaji: ncha inafunguka? Brashi inapita?