Mtungi Halali, Chuma Haramu?

Mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, nalikuwa nimeketi barazani nikinywa kahawa chungu na wenzangu. Mmoja wao, mtu mzima nimheshimuye, akanisogelea akaninong'oneza kama mtu aletaye habari ya msiba: "Maalim, nimeambiwa bintiyo anyanyua vyuma. Ni kweli hayo?" Nikamjibu kuwa ni kweli. Akatikisa kichwa, akavuta punje mbili tatu za tasbihi yake, kisha akasema, "Basi mkataze mapema, kabla hajawa dume."

Tulipokuwa katika maneno hayo akapita mbele yetu mama mmoja, na umri wake si mdogo, amejitwisha mtungi wa plastiki uliojaa maji. Mtungi ule ni wa lita 20, na lita 20 za maji ni kilo 20, achilia mbali uzito wa mtungi wenyewe. Alikuwa akihema. Hakuna hata mmoja wetu, nami nikiwamo, aliyenyanyuka kumpokea. Wala hakuna aliyesema kuwa mama yule atageuka dume.

Nilirudi nyumbani jambo lile likinikera moyoni, na ndilo lililonishikisha kalamu leo.

Ndugu msomaji, niseme kweli kwanza, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Lau bwana yule angalinijia miaka michache iliyopita, ningalimuunga mkono. Nalikuwa mtu wa kucheka mimi mwenyewe. Niliwahi kutunga beti za dhihaka juu ya mwanamke mwenye misuli, nikazisoma arusini, watu wakavunjika mbavu. Leo beti zile nazionea haya. Na kilichonigeuza si kitabu wala hotuba. Ni dada yangu mkubwa.

Dada yangu huyu ndiye aliyekuwa akinipeleka chuoni asubuhi, juzuu yangu kifuani, mkono wangu mkononi mwake. Ujanani alikuwa mwanamke wa nguvu: akiteka maji kisimani, akitwanga kinuni, akikaa juu ya mbuzi akikuna nazi za karamu nzima. Kisha maisha yakawa mepesi. Watoto wakakua, wakataka mama yao apumzike, nao walifanya vyema. Maji yakaletwa mlangoni kwa mkokoteni, nazi ikakunwa kwa mashine sokoni, naye akapewa kiti chenye mito. Akakaa. Miaka ikapita, akakaa.

Alipokwisha kupita miaka 60 alianguka uani. Hakuanguka kutoka juu, aliteleza kizingitini tu. Nyonga ikavunjika. Daktari akatueleza kuwa mifupa ilikuwa imekwisha kuwa myepesi, na misuli ya mapaja imesinyaa hata hakuweza kujizuia alipoteleza. Tangu siku hiyo dada yangu huswali kitini. Aliniambia siku moja, machozi yakimtoka, kuwa hakuna kimuumacho kama kufika mahali pa kusujudu na paji lake la uso lisiguse chini.

Binti yangu wa pili ndiye aliyekuwa akimuuguza shangazi yake. Kumwinua kitandani kulitaka watu wawili. Baada ya miezi ya kazi hiyo akanijia, akaketi chini mbele yangu, akasema, "Baba, nina jambo nataka radhi yako." Akanieleza kuwa wako wanawake kadhaa mtaani waliokusanyika ghorofani katika nyumba ya mwenzao. Wana vyuma, vingine vya kununua dukani, vingine ni mikebe ya rangi iliyojazwa simiti na kuunganishwa kwa bomba. Hakuna mwanamume aingiaye, madirisha yana mapazia, na anayewafundisha ni mwanamke mwenzao.

Nikanyamaza siku tatu. Siku ya nne nikampa radhi. Sikuwa nimekinai bado, ila kila nilipotafuta sababu ya kukataa nilimuona dada yangu juu ya kiti.

Tangu hapo nimeuliza na kusoma, na niliyoyapata yafaa kila nyumba. Mfupa si jiwe. Ni kitu hai, hubomolewa na kujengwa tena siku zote. Ukibebeshwa uzito hukaza, ukiachwa bila kazi hulegea. Mwanamke akomapo kupata ada yake ya mwezi, homoni iitwayo estrojeni hupungua mwilini, na mifupa ikazidi kupoteza nguvu kwa haraka. Ndiyo maana mama zetu huvunjika kwa kuteleza tu. Misuli nayo ndiyo ghala kubwa la sukari mwilini: ikifanya kazi huivuta sukari kutoka katika damu. Na sisi watu wa mahamri, halua na chai tamu hatuhitaji kuambiwa jinsi maradhi ya sukari yalivyoingia majumbani mwetu.

Shirika la Afya Duniani, katika muongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wote, wake kwa waume, wafanye mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku 2 kwa wiki. Waliotimia miaka 65 wanashauriwa mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku 3 au zaidi, ili wasianguke. Na asidhani mtu kuwa wakati umempita. Mwaka 1990 madaktari wa Boston, Marekani, walitangaza habari za wazee 10 wa makao ya wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, waliofunzwa kuinua uzito kwa miguu kwa muda wa wiki 8. Waliomaliza walikuwa 9, na nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kama ajuza wa miaka 90 aweza kuongeza nguvu, wa miaka 40 ana udhuru gani?

Sasa nirudi kwa yule bwana wa barazani na hofu yake ya udume. Kinachomjaza mwanamume misuli ni homoni iitwayo testosteroni, na mwanamke anayo kidogo mno kuliko mwanamume. Chuma hakiwezi kumpa asichoumbiwa. Wale wanawake wa pichani waliotuna kama fahali wametumia miaka mingi ya kazi hiyo tu, na chakula maalumu, na wengine dawa zisizofaa. Bintiangu yuko mwaka wa pili. Alianza na fimbo tupu, akaongezewa kilo moja moja, leo anainua kilo 50 kutoka sakafuni. Sauti yake ni ileile, buibui lake ni lilelile. Kilichobadilika ni kimoja: siku hizi humwinua shangazi yake peke yake.

Wako wasemao, "Kazi za nyumbani zatosha." Hazitoshi. Kazi ya nyumbani huchosha, lakini haina kipimo wala pumziko. Yule mama wa mtungi atabeba kilo 20 leo, na kesho, na keshokutwa, shingo yake i chini ya mzigo, awe mzima au mgonjwa. Chuma hupimwa. Unaanza na kidogo, unaongeza kidogo, kisha unaupa mwili siku moja mbili za kupumzika, na katika mapumziko hayo ndipo mwili ujengapo. Tena kuna adabu zake: mgongo hunyooshwa, nyonga ndiyo ipindwayo, kama mtu arukuuye vizuri, na kuchuchumaa ni kama aketiye juu ya mbuzi ya nazi akainuka bila kushika ukuta. Mama zetu walifanya hayo mara nyingi kila siku bila kuyapa jina. Mwenye mimba, aliyejifungua karibuni, mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu, hao wamuone daktari kwanza.

Nifike kwenye dini, maana najua wengi mmeningoja hapo. Mimi si mufti na sitoi fatwa. Lakini chuoni nilifunzwa, nami nakumbuka. Imo hadithi mashuhuri katika Sahihi Muslim yenye kumsifu muumini aliye na nguvu. Wako wanazuoni waliosema kuwa nguvu hiyo ni ya imani. Nakubali, ila imani nayo hukaa katika mwili, na mwili ukishindwa, hata sijida hushindikana. Bibi Aisha alishindana mbio na Mtume (s.a.w.). Bibi Asmaa binti Abubakar alikuwa akijitwisha kokwa za tende kichwani kutoka shambani, mwendo si wa karibu. Bibi Fatuma viganja vyake viliota malengelenge kwa kusaga. Nusaiba binti Kaabu alisimama Uhud akapata majeraha. Na Bibi Maryam, katika uchungu wa uzazi, ndiye aliyeamrishwa autikise mtende. Ni nani aliyesema kuwa hao walikuwa madume?

Kuhusu stara, hapo nami sitetereki. Sitaki bintiangu anyanyue vyuma mbele ya wanaume, wala sitaki picha yake izunguke katika simu za watu. Lakini stara ni sharti la namna ya kufanya jambo. Si kufuli la kulifungia mlango. Wenzetu wamelithibitisha hilo mbele ya ulimwengu. Kulsoom Abdullah, Mmarekani mwenye asili ya Pakistani, mwanamke mwenye shahada ya udaktari ya uhandisi wa kompyuta, alizuiwa kushindana kwao kwa sababu alitaka kufunika nywele, mikono na miguu. Hakuvua, wala hakuacha. Alipeleka hoja yake, na mwaka 2011 shirikisho la kimataifa la mchezo huo likabadilisha kanuni ya mavazi. Mwaka 2016, katika Olimpiki za Rio, Sara Ahmed wa Misri, msichana wa miaka 18 na kichwa chake kimefunikwa, aliinua jumla ya kilo 255 akapata medali ya shaba. Na Paris mwaka 2024 akapata ya fedha. Sisemi mabinti zetu wote waende Olimpiki. Nasema hijabu na chuma vimekwisha kukutana, na hijabu haikuanguka.

Lipo jambo liniumalo zaidi. Wanawake wale wa ghorofani waliongezeka, chumba kikawa kidogo. Wakaenda kwa wasimamizi wa ukumbi mmoja, ambao sitautaja, wakaomba saa mbili tu, mara mbili kwa wiki, asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu, nao walipe. Wakakataliwa kwa neno moja: "Si jambo la wanawake." Na ukumbi uo huo vijana wa kiume hunyanyua vyuma hadi usiku, na hakuna anayewauliza. Twawaambia wanawake wajistiri, kisha twawanyima mahali pa kujistiria. Halafu akienda binti mahali pa mchanganyiko kwa kukosa pengine, sisi ndio wa kwanza kumsema barazani. Huo si uadilifu.

Kumbi tunazo. Nyingi hukaa kimya wiki nzima zikingoja arusi ya Ijumaa au Jumamosi. Zitengewe saa za wanawake, mlango ufungwe kwa ndani, mwalimu awe mwanamke. Hakuna gharama hapo ila nia. Na sisi wanaume, tukiona mama amejitwisha mtungi, tuinuke tumpokee kabla ya kuinua midomo yetu juu ya vyuma vya bintiye.

Dada yangu bado yu kitini. Lakini bintiangu, baada ya kuuliza daktari, humtia mkononi chupa ya maji ya nusu lita, aipandishe na kuishusha, kisha humwambia, "Haya shangazi, inuka, keti, inuka tena." Mwanzo alikuwa akishikwa pande zote. Wiki iliyopita aliinuka mara 5 bila kushikwa, akacheka kama msichana. Paji lake halijafika sakafuni. Aniambia bado ataka siku moja lifike, inshallah, nami namuombea.

Nimalize kwa beti mbili, ziwe ndiyo toba ya zile za arusini:

Niliokejeli jana, leo toba naileta,
Dada nilipomuona, sijida akitafuta,
Enyi wenye wasichana, msiwatie utata,
Mtungi mliridhika, chuma ndicho cha madhara?

Mwili ukiwa imara, ibada hukamilika,
Kuudhofisha hasara, uzee ukishafika,
Mabinti wenye busara, waache chuma kushika,
Mtungi mliridhika, chuma ndicho cha madhara?