DARAJA TUNALO, KARATASI HATUNA

Ndugu wanaushirika,

Majuzi jirani yangu mmoja karudi kutoka mpakani na magunia yake ya chumvi. Hakuvuka. Kaambiwa alipe ushuru, ama atoe cheti cha kuonyesha chumvi imetoka nchi gani. Akabaki anashangaa: "Kwani hawajui hii ni chumvi ya Mtwara?" Ndugu, kujua wanajua. Lakini forodha inafuata karatasi.

Barazani wengine walisema haya yote yametokana na Tanzania kutoka COMESA mwaka 2000. Hapana, tusidanganyane. Msumbiji walishatoka kabla yetu, mwaka 1997. Ng'ambo ya Ruvuma tunafanya biashara kwa mapatano ya SADC, na nchi zote mbili zimo. Mali iliyozalishwa kwetu inapata nafuu ya ushuru ikiwa na cheti cha uasili. Ndoo iliyotoka China haigeuki ya Tanzania kwa kupita Masasi.

Kuna na jambo jingine linalotuchanganya. Wenzetu wa Namanga wana cheti chepesi, wanapewa palepale mpakani kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Hicho ni cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Msumbiji haimo. Basi ukisikia habari za Namanga redioni, usifunge mzigo wa Ruvuma.

Wazee tunakumbuka. Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ilivunjika, na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983. Je, biashara ilikufa? Haikufa, iliingia porini ikaitwa magendo. Waliofaidi ni wenye njia za panya. Leo sisi tuna Daraja la Umoja pale Mtambaswala, mita 720, lililofunguliwa mwaka 2010. Ni aibu mtu kuliacha daraja hilo akapanda mtumbwi usiku, mamba chini na kukamatwa mbele, kwa kuogopa karatasi tu.

Kwa hiyo mimi natoa maoni mawili. Kwanza, chama kimtume katibu aende forodha akaulize: cheti anatoa nani, kwa shilingi ngapi, na kwa bidhaa zipi? Majibu yabandikwe hapahapa ukutani, kila mtu asome. Pili, wenye mizigo midogo wasiende mmoja mmoja. Waikusanye, ipelekwe kwa jina la chama. Korosho zetu tunazikusanya ghalani ndipo zinakwenda mnadani. Chumvi na vitunguu vina nini hata vishindikane?

Najua wapo watakaosema chama ni cha korosho, mambo ya mpakani hayatuhusu. Haya, msimu ukiisha tunakula nini? Tena ng'ambo kule ni kwa shemeji zetu na wajomba zetu. Tukawatembelee mchana, kwa daraja, na mzigo wetu ukiwa halali.

Mkutano ujao tulijadili.

Ushirika ni nguvu.

Mwanaushirika mwenzenu