Dua Mbele ya Hadhara

Mintarafu ya dua zinazofungua mikutano ya Serikali, wako wasemao kwamba maadamu Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 3, imeitangaza Jamhuri hii kuwa haina dini, basi kumwita shekhe na padri mbele ya hadhara ni kuihalifu Katiba mchana kweupe. Hoja hiyo ina uzito, walakini haijatimia. Kwani Bunge lenyewe hufungua kikao kwa dua, na wimbo wetu wa Taifa ni dua tangu neno lake la kwanza, wala sijapata kusikia raia aliyedhulumika kwa kuuimba.

Kinachonishughulisha mimi ni zamu. Hapa Babati, mkutano wa hadhara ukianza, aghalabu husimama shekhe akainua viganja, akafuata padri au mchungaji, na pengine mmoja wao akanogewa na kipaza sauti hata dua ikageuka mawaidha, ilhali watu waliotoka Bonga na Sigino kuja kuuliza habari za maji wanapigwa na jua. Kisha mshereheshaji hushukuru kwamba dini zote zimeomba. Zote zipi? Yule mzee wa Kibarbaig aliyeegemea fimbo yake, aombaye kwa desturi ya babu zake, hakuitwa. Wairaqw nao wana slufay, dua ya wazee ya kuomba mvua, uzazi na amani, ambayo mmoja hutamka na waliohudhuria wakaitikia. Hiyo nayo haimo katika ratiba.

Ibara ya 19 imeziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, nami naona ibara hiyo haidhuriki kwa mtu kumtaja Mola, bali hudhurika pale ofisi ya umma inapoketi kuamua ni nani aitwe na nani aachwe. Marekani walifikishana hadi Mahakama ya Juu katika shauri la mji wa Greece, New York, mwaka 2014, na dua zikaruhusiwa kwa majaji watano dhidi ya wanne. Hukumu nyembamba mno kuiga.

Rai yangu ni kuufuata mtindo wa Bunge: dua moja fupi, isiyo ya madhehebu, aisome mwenyekiti mwenyewe, na asiyependa kuitikia anyamaze bila kukodolewa macho. Siku ya msiba ni mbali. Ndugu zetu wa Katesh walipofukiwa na tope Desemba 2023, kila mwenye dua alikuwa na haki ya kuileta. Ila katika kikao cha kawaida, dua ikiisha, mtendaji na afungue daftari asome mapato na matumizi.