Saa Nane ya Addis Ababa

Miaka sita niliweka akiba kwa ajili ya safari hii. Hatimaye nilipanda ndege peke yangu Lubumbashi, nikashuka Addis Ababa alfajiri. Mji huo uko juu sana, kadiri ya mita 2,300 juu ya bahari; ngazi chache tu zilinikata pumzi.

Dereva mmoja alikubali kunitembeza. Nikamlipa nusu, naye akaandika 8 katika karatasi. Nikaisoma kwa desturi ya Kifaransa, yaani saa mbili asubuhi. Nikangoja mlangoni pa nyumba ya wageni muda wa saa sita nzima. Moyoni nikamwita mwizi, nikawaza hata kurudi kwetu.

Saa nane mchana barabara akafika, akicheka. Saa yake ya mkono ilionyesha 8. Kumbe Waethiopia huhesabu saa tangu mapambazuko, kama tuhesabuvyo katika Kiswahili! Mimi, mwalimu, nilikuwa nimesahau hesabu aliyonifundisha mama.

Nikamwomba radhi, naye hakujua nimemkosea nini. Ndugu zangu, ugenini tuulize kwanza kabla ya kuhukumu. Kuuliza si ujinga.