Maksai Anayechechemea Hahitaji Sindano Mbili

Vijana wenzangu, mvua za Novemba zikianza tu, maswali ya Kasanga mpaka Matai huwa yaleyale: "Bwana mifugo, maksai anachechemea na shamba halijaisha. Nimchome nini?" Mara nyingi anayeuliza ameshachoma. Kaweka diklofenaki ya kutuliza maumivu, juu yake kaongeza deksa "kidogo tu", na asubuhi mnyama yuko kwenye plau.

Niseme wazi: mchanganyiko huo unatupotezea ng'ombe.

Deksa, yaani deksamethasoni, ni steroidi. Diklofenaki, fluniksini na meloksikamu ni kundi jingine. Njia zake ni tofauti, lakini makundi yote mawili yanapunguza kemikali za mwili zinazoleta uvimbe na maumivu. Shida ni kwamba kemikali hizohizo zinalinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Ukichoma zote mbili hupati nafuu mara mbili, unaongeza hatari ya vidonda tumboni. Ukiona kinyesi cheusi kama lami, fizi zimepauka na mnyama hataki kula, ujue huenda damu inavuja ndani.

Wapo wanaonijibu: "Mbona hospitali mtu mwenye baridi yabisi anapewa zote?" Kweli, daktari anaweza kumpa mgonjwa steroidi ya dozi ndogo pamoja na dawa ya maumivu. Lakini anampima, anamwandikia dawa ya kulinda tumbo inapohitajika, na anamwita tena kumwangalia. Maksai wako nani anampima? Udogo wa dozi peke yake si kinga.

Halafu kuna ugonjwa wenyewe. Kuchechemea wakati wa mvua mara nyingi ni kwato iliyooza, mwiba au jeraha la kazi. Deksa inashusha kinga ya mwili, kwa hiyo kama kuna vijidudu, unavifungulia mlango. Maumivu nayo ni mlinzi: yanamzuia mnyama kukanyagia mguu mbovu. Ukiyazima ukamfunga nira, anaumalizia mguu huohuo. Heka mbili za leo zinaweza kukugharimu msimu mzima.

Kwa ng'ombe jike hatari ni zaidi. Deksa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba inaweza kumfanya atupe mimba au azae kabla ya wakati, na kondo la nyuma likabaki ndani. Ulikuwa unatibu kiwele, unaishia kukosa ndama na maziwa.

Basi tufanye hivi. Kwanza mpumzishe, msimamishe pakavu, osha kwato na uangalie. Pili, mwite mtaalamu wa mifugo aseme chanzo. Kama ni kwato kuoza, kinachotibu ni antibayotiki sahihi na usafi, na dawa ya maumivu inasaidia tu. Tatu, chagueni naye dawa moja ya uvimbe. Mwambie kila ulichokwisha kuchoma, hata kama unaona aibu. Nne, andika kwenye daftari tarehe, dawa na kiasi, na usiuze maziwa wala nyama kabla siku zilizoandikwa kwenye lebo hazijaisha.

Na ng'ombe aliyekufa akiwa na diklofenaki mwilini, mzike, usimtupe porini. India ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006 baada ya tai wanaokula mizoga kufa karibu waishe.

Najua kulima hakusubiri. Lakini jirani anaweza kukuazima maksai kwa siku tatu, na ukamlipa kwa zamu. Mnyama aliyekufa kwa haraka yako hana wa kumrudisha. Mpe mguu muda upone, sindano ya pili iache dukani.