Pile lililochoka halijafa



Katika nyumba nyingi kuna mkebe au kona ambamo mapile ya tochi yanalundikana. Tochi ikikataa kuwaka, tunasema pile limekufa. Mara nyingi limechoka tu. Juma hili tuone namna ya kulitumikisha mara ya mwisho, na kwa nini mama anapaswa kulijua jambo hili kama vile fundi wa radio.

Pile jipya lina volti 1,5. Likishuka karibu na volti 1, tochi inafifia. Ampuli ndogo nyeupe ya LED inahitaji karibu volti 3 ili iwake, kwa hiyo pile moja haliwezi kuiwasha peke yake, hata kama ndani mna nguvu iliyobaki. Mnamo mwezi wa 11 mwaka 1999, gazeti moja la Uingereza la mafundi wa elektroniki lilitoa mchoro mdogo wa Z. Kaparnik unaowasha LED kwa volti moja tu. Kisha Clive Mitchell, mtu wa Scotland, akaupa jina la mzaha: mwizi wa Joule. Joule ni kipimo cha nishati, na mwizi huyu anachukua zile joule za mwisho zilizojificha ndani ya pile.

Anafanyaje? Fikirini mama anayetwanga sombe. Anainua mchi, kisha anauachilia kwa nguvu mara moja. Waya uliozungushwa, yaani bobini, unafanya vile vile: unakusanya nguvu kidogo kama sumaku, transista inakata njia ghafula, na nguvu ile inaruka ikiwa na volti za kutosha. Jambo hili linarudia maelfu ya mara kwa sekunde moja, hata jicho letu linaona mwanga usiokatika.

Vitu vinavyohitajika: pete ndogo ya feriti (fundi wa radio anaitoa katika ampuli za ekonomi zilizokufa), nyaya mbili nyembamba za rangi mbili, transista moja kama BC547, rezistansi ya om 1000, LED moja nyeupe, na pile lililochoka.

1. Shikeni waya mwekundu na wa buluu pamoja, muzungushe katika pete mara 20 hivi. Mtapata ncha nne.
2. Unganisheni mwanzo wa mwekundu na mwisho wa buluu. Hapo ndipo panapokwenda kwenye kichwa cha pile (+).
3. Ncha iliyobaki ya buluu inapita katika rezistansi, kisha inaingia mguu wa katikati wa transista.
4. Ncha iliyobaki ya mwekundu inaingia mguu wa kushoto, upande bapa wa BC547 ukiwatazama na miguu ikiwa chini.
5. Mguu wa kulia unakwenda kwenye kitako cha pile (−).
6. LED: mguu mrefu kwenye mguu wa kushoto wa transista, mguu mfupi kwenye ule wa kulia.

Kama haiwaki, msitupe. Katika darasa la sita, binti mmoja alikaa kimya mbele ya bobini yake huku wavulana wakimwambia kazi hii si ya wasichana. Alibadilisha ncha za waya mmoja, na mwanga ukatoka. Mara nyingi kosa ni hilo: nyaya mbili zimeelekea upande mmoja. Wale wavulana walimfuata awaonyeshe.

Sasa sikilizeni vizuri, sababu hapa kuna feza zetu. Mwanga huu unatosha kuona kufuli, kuangalia mtoto usiku, kutafuta kiberiti. Hautoshi kupika wala kuchaji simu. Na pile likiisha kabisa, mwanga unaisha. Bobini haizai nishati. Inabadilisha tu ile iliyomo.

Nasema hivyo kwa sababu mtu mmoja alipita katika avenue yetu akiwa na sanduku lenye bobini na ampuli iliyowaka. Alisema ni umeme usiohitaji mafuta, wala jua, wala pile, na akaomba kikundi kimoja cha likelemba kitoe malipo ya kwanza kwa sanduku kubwa. Wamama hawakugombana naye. Walimwomba mambo mawili: afungue sanduku, na aliache likiwaka mbele ya watu wote mpaka siku ya Mungu. Akasema atarudi kesho. Hajarudi. Likelemba ile ilikuwa zamu ya mama mwenye kulipa minerval ya watoto watatu. Basi mtu akiwaletea umeme wa ajabu, ulizeni swali moja tu: nishati inatoka wapi?

Jambo la mwisho ni usalama. Msivunje kioo cha ampuli ya ekonomi, ndani mna zebaki; na fundi aifungue tu ikiwa imetolewa ukutani muda mrefu. Msijaribu mchoro huu kwa umeme wa nyumba hata siku moja. Pile linalotoka maji lisiguswe na mtoto, wala lisitupwe motoni. Na ule unga mweusi wa mapile tuliozoea kupaka ubao wa shule una manganezi. Vumbi lake ni baya kwa mwili. Tusiwape watoto kazi hiyo.

Kazi ya juma hili: kusanyeni mapile yaliyochoka, muite mabinti pamoja na wavulana, mujaribu. Waya wa kwanza azungushe binti.

Mwalimu wenu