Mchoro wa ziwa usogee kushoto na kulia tu

Ndugu wasikilizaji na wasomaji wa Uvira, na ninyi familia mnaoishi mbali na nyumba zenu kwa sababu ya vita ama ya maji, leo tuzungumzie kitu kidogo kinachoweza kuamua mahali mtakapojenga tena. Ni ule mchoro wa kimo cha maji ya Ziwa Tanganyika unaopita kwenye simu.

Wengi mmekwisha kuuona: mstari mmoja unaopanda na kushuka, miezi imeandikwa chini, mita zimeandikwa pembeni. Ukiweka kidole na kuvuta, mstari unasogea. Neno langu ni hili: wanaotengeneza michoro hiyo waipange isogee kushoto na kulia tu, kutoka mwaka hadi mwaka. Kusogea juu na chini kuondolewe.

Sababu ya kwanza ni desturi ya ziwa lenyewe. Maji hupanda wakati wa mvua, hufika kilele mwezi wa 4 ama wa 5, halafu hushuka kiangazi chote hadi karibu mwezi wa 10 ama wa 11. Kwa hiyo anayeonyeshwa miezi mitatu tu, na iwe mwezi wa 8, ataona mstari unashuka. Baba wa familia aliyehama Kavimvira ama Kalundu atasema: maji yamerudi, twende tukajenge. Lakini tulikumbwa na maji ya ziwa mwaka 2020 na 2021, na tena 2024. Kati ya miaka hiyo kulikuwa na viangazi, na kila kiangazi mstari ulishuka. Asiyesogeza mchoro kurudi nyuma hawezi kujua hilo. Kusogeza kushoto ni kukumbuka.

Sababu ya pili ni kidole gumba. Kwenye simu ndogo, mtu anateremsha ukurasa asome habari. Kidole kinaangukia juu ya mchoro, na badala ya ukurasa kuteremka, mchoro ndio unaoteremka. Mstari wa maji unakwenda chini kabisa ya picha, na alama ya hatari inatoka nje haionekani tena. Namba za pembeni zimebadilika, lakini nani anazitazama? Mtu anaona ziwa limeshuka, kumbe ni kidole chake kilicholishusha.

Kurekebisha jambo hili hakuhitaji mradi wala mfadhili. Programu za kuchora zinazotumiwa na wanasayansi ni za bure. Matplotlib, iliyoanzishwa na Mmarekani John Hunter, ina desturi nzuri: ukishika herufi x kwenye kibodi wakati wa kuvuta, mchoro unasogea pembeni tu. Sisi wa simu hatuna herufi ya kushika huku tukivuta. Lakini fundi anaweza kuandika mistari michache inayoifanya programu iamini kwamba x imeshikwa wakati wote. Bokeh na Plotly, ambazo michoro yake inafunguka kwenye simu, zina njia nyepesi zaidi: katika Bokeh unaiambia zana ya kusogeza ifuate upana peke yake, katika Plotly unaufunga mhimili wa wima. Unaweza pia kuweka mipaka, ili mtu asivute hadi mahali patupu akadhani ziwa limekauka.

Wako watakaosema watu hawahitaji mchoro, redio itaje namba inatosha. Mimi ni mtu wa redio, nasema haitoshi. Nikitangaza kwamba ziwa limeshuka sentimita ishirini, nimesema kweli, na bado naweza kumrudisha mtu ukingoni. Namba moja haina jana. Wengine watasema mtaalamu anahitaji kuvuta pande zote. Sawa, awekewe kitufe chake. Ila mchoro unapofunguka mara ya kwanza, uwe umepangwa kwa ajili ya yule mama mwenye simu moja inayotazamwa na familia kumi.

Liko jambo moja zaidi. Vipimo vya satelaiti juu ya ziwa letu vinaanza mwaka 1992. Mchoro unaotokana navyo peke yake, hata ukiuvuta hadi mwisho, hautakufikisha mwaka 1964, wakati ziwa lilipopanda sana baada ya mvua kubwa zilizoanza 1961. Wazee wa Mulongwe na Kilomoni wanaikumbuka miaka ile kuliko simu zetu. Vipimo vya zamani vilivyosomwa kwa vijiti ukingoni viunganishwe, ili mkono wa mtoto uweze kufika mahali kumbukumbu ya babu inapofika.

Nanyi ndugu zangu, mkitumiwa picha ya mchoro, ulizeni maswali matatu kabla ya kununua matofali. Unaanza mwaka gani? Kilele cha mwisho kilifika wapi? Na kiwanja chetu kiko juu ama chini ya kilele hicho? Kama aliyewatumia hawezi kujibu, basi amewaonyesha kiangazi kimoja tu. Msijenge juu yake.